Swali langu ni nani ataandika barua

Mmeuliza wiki hii: "Je, ungekubali kuhamia ng'ambo na mwenzako ambaye hamjaoana, huku ukijua aliwahi kufungwa?" Jibu langu ni hapana. Lakini swali lililotugawanya nyumbani kwetu lilikuwa jingine kidogo: binti yetu akienda na mwenza wa namna hiyo, kesi ya huyo mwenza itaandikwa kwenye fomu ya uhamiaji au itafichwa?

Nilikuwa karani wa masijala ya mahakama mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nalisema hili kwa uchungu. Jalada halifi kwa sababu ukoo umenyamaza.

Binti wa kaka yangu ni muuguzi. Mwaka 2021 alipata nafasi ya kuomba ukaaji wa kudumu Canada, na wakati huo alikuwa akiishi Mikindani, Mombasa, na kijana mmoja, njoo-tukae, bila mahari wala padri. Kijana huyo alihukumiwa mwaka 2014 kwa kuiba matairi ya lori katika ghala la Changamwe alikokuwa ameajiriwa. Alipewa mwaka mmoja, akatoka gereza la Shimo la Tewa baada ya miezi minane, kwa ule msamaha wa theluthi moja ambao wafungwa wenye nidhamu hupewa.

Tulikutana Voi kwa kaka yangu. Yeye alisema hawezi kumtoa binti yake avuke bahari na mfungwa ambaye hata mbuzi mmoja hajaleta. Mama zake wadogo wakasema waoane upesi, ndoa itamsafisha. Binamu mmoja akashauri binti aandike kwamba hana mwenza, atangulie, akishatulia amvute. Na kulikuwa na wakala mjini aliyeahidi kuleta cheti cha polisi cha maadili mema kisicho na doa, kwa bei ambayo ukiilinganisha na zile shilingi 1,050 zilizolipwa wakati huo kwenye eCitizen, tovuti ya serikali, unajua mara moja unanunua nini.

Ndoa haimsafishi mtu. Canada inamhesabu kuwa mwenza yeyote uliyeishi naye kwa uhusiano wa mume na mke miezi 12 mfululizo, nanyi mnaapa hivyo mbele ya kamishna wa viapo. Uingereza wanataka uhusiano wa miaka 2. Pete ni muhimu kwetu, na mimi naitaka, lakini afisa wa viza anauliza alama za vidole zinasema nini, uwe na pete au usiwe nayo.

Ushauri wa binamu ndio mbaya kuliko wote, na nasikitika kwamba ndio unaosikika kila mahali. Mwenza ambaye hukumtaja wala hakukaguliwa wakati wa maombi yako, kwa kawaida huwezi kumdhamini baadaye. Ukikamatwa umedanganya, unafungiwa mlango wa Canada miaka 5. Upande wa pili, ukweli nao unauma: rekodi ya mwenza inaweza kumzuia mwombaji mwenyewe, hata kama mwenza atabaki Mombasa. Hapo ndipo hapana yangu ilipotokea. Msichana aliyesoma kwa jasho, mlango wake unafungwa na matairi ya mtu mwingine.

Kuna njia, lakini ni ya subira. Canada wanalilinganisha kosa lako na sheria yao wenyewe. Huko wizi wa mali inayozidi dola 5,000 unaweza kufikia kifungo cha miaka 10, nao huhesabiwa kosa zito. Chini ya hapo ni jambo jingine. Hati ya mashtaka ya kijana ilitaja matairi ya shilingi laki moja na elfu tisini, na dola 5,000 wakati wa kesi zilikuwa karibu laki nne. Karatasi ile moja ilikuwa na uzito kuliko maneno yote ya kikao cha Voi. Kwa kosa moja dogo la namna hiyo, ikipita miaka 10 tangu adhabu iishe unaweza kuhesabiwa kuwa umejirekebisha. Ikipita 5 unaweza kuomba wakukubali. Kijana alikuwa katikati. Ikabidi aombe, na maombi yanataka mtu aeleze mwenyewe alichofanya.

Wakaja kwangu Jumamosi, niwasaidie kuinyoosha ile barua. Kijana alikuwa ameiandika tayari, kurasa mbili safi: alipotoshwa na marafiki wabaya, ujana, anamshukuru Mungu. Nikamwuliza, "Marafiki gani? Wataje." Akanyamaza. Nikamwuliza tena. Akasema, "Shangazi, hakukuwa na rafiki. Ufunguo ulikuwa wangu."

Nikapiga mstari ukurasa mzima. Akaanza upya hapo mezani, na kila alipoandika sentensi nilimtaka aisome kwa sauti. Alivyomwahidi dereva fungu lake. Alivyotoa matairi mawili kwanza kuona kama kuna atakayeuliza. Akafika mahali akasimama, kalamu juu ya karatasi, akasema kulikuwa na mlinzi. Mzee wa Kaloleni, aliyekuwa zamu usiku ule. Polisi walimchukua yeye kwanza, akalala seli siku mbili kabla kijana hajatajwa, na alipoachiliwa hakurudishwa kazini.

Binti yetu hakuwa amelisikia hilo. Kesi aliijua, gereza alilijua, alikuwa ameshaishi na mambo hayo. Mzee huyo hakuwa kwenye hukumu wala kwenye hadithi aliyosimuliwa. Aliinuka akatoka barazani, na mimi nikabaki na kijana, wala sikumpa neno la kumpoza. Nilifikiri yameisha.

Aliporudi hakuketi. Akamwuliza, "Yuko wapi sasa?"

"Sijui."

"Ulimtafuta?"

"Sikumtafuta."

Nimesikiliza watu wengi wakijitetea. Mwongo angesema alimtafuta akamkosa. Ni nani angekwenda Kaloleni kuhakikisha? Nikashauri mlinzi tumwache nje, kwa sababu fomu haiulizi habari zake na barua isiwe ndefu. Binti akakataa katakata. Akasema kama hayumo, yeye haapi kwamba ni mwenza wa mtu huyu. Basi kijana akaliandika, pamoja na hilo neno la mwisho, kwamba hakumtafuta. Baada ya barua kutumwa alikwenda Kaloleni. Alichokikuta huko ni siri yao wawili, sikuuliza.

Maombi yalikubaliwa baada ya kungoja kulikotuchosha sote. Wako Winnipeg. Mahari bado, na kaka yangu bado hajakubali kuzungumza na kijana kwa simu.

Nilipoanza kuandika haya hapana yangu ilikuwa imenyooka. Sasa naona inanipinda mkononi. Kwa binti anayeniuliza leo nitajibu vilevile, asiende, kwa sababu anabeba hatari ya mtu mwingine, tena asiye na ndoa naye ya kumlinda wakiachana ugenini. Lakini nilitia sahihi barua ya kumtetea kijana yule, na kesho ningetia tena. Siwezi kuyapatanisha hayo mawili, nayaacha yalivyo. Najua pia kwamba kesi ingekuwa ya kumpiga mwanamke au mtoto, nisingeshika kalamu hata angelia.

Na anayetaka kujaribu aanzie masijala kabla ya ubalozi, aombe nakala ya hukumu na ya hati ya mashtaka zilizogongwa muhuri. Majalada ya zamani hutafutwa kwa nambari ya kesi na mwaka, na wengi waliofungwa nambari hiyo hawaikumbuki. Walioitunza ni mama zao, kwenye risiti ya dhamana.