Kabla ya boda ya kaka, lipa kausha damu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 25, nauza dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Morogoro, mshahara wangu ni 470,000. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiweka laki moja kila mwezi, sasa nina 2,400,000, nusu iko benki na nusu iko kwenye simu. Matumizi yangu ni kama laki tatu kwa mwezi, kodi ikiwemo. Kaka yangu mkubwa hana kazi na ana mke na mtoto. Anataka nimnunulie bodaboda ya mkononi ya 2,200,000, aniletee hesabu ya elfu kumi kila siku. Rafiki yangu ameniingiza kwenye kundi la WhatsApp ambalo ukiweka laki tano unavuna elfu hamsini kila wiki. Mama anasema ninunue kiwanja kabla bei hazijapanda. Nina deni dogo tu la laki tatu kwa mkopeshaji wa mtaani. Nilikopa miezi minane iliyopita mwenye nyumba alipotaka kodi ya miezi sita kwa mpigo, sikutaka kugusa akiba. Riba yake elfu sitini kwa mwezi, nalipa bila kuchelewa. Siku moja ningependa kusoma stashahada ya famasia. Hela hii niiweke wapi isilale?*

*Binti wa Kihonda*

Marahaba, mwanangu. Kwanza pokea hongera zangu. Kutoa laki moja kwenye mshahara wa 470,000 kila mwezi, miaka miwili mfululizo, wanaweza wachache sana. Wapo wanaolipwa mara tatu yako ambao leo wakiugua wanapitisha mchango.

Umeniuliza juu ya kaka, rafiki na mama. Mimi nimekwama kwenye yale maneno uliyoyapita haraka: "deni dogo tu". Tuanzie hapo, maana hapo ndipo hela yako inapovujia.

Elfu sitini mara miezi minane ni 480,000. Ulikopa laki tatu, umeshatoa 480,000, na laki tatu yenyewe bado iko palepale kama siku uliyoichukua. Hiyo ni riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani kwa deni kama lako ungelipa 10,500. Watu hawakuiita mikopo hii kausha damu kwa bahati mbaya. Ukiendelea hivi mwaka mzima, 720,000 itakuwa imetoka mfukoni mwako bila deni kupungua hata shilingi.

Najua kwa nini hukuigusa akiba. Uliogopa kwamba ukiichota mara moja utaizoea, itaisha kidogokidogo. Woga huo ndio uliokufikisha kwenye milioni mbili na laki nne, siudharau. Ila hakuna benki wala mfuko halali nchini utakaokupa asilimia 20 kwa mwezi. Kwa hiyo kila mwezi unaoiacha akiba ikae huku deni likiendelea, unapungukiwa, hata kama salio linapendeza ukilitazama.

Wiki hii nenda na 360,000: laki tatu ya deni na riba ya mwezi huu. Usiende peke yako, nenda na mtu mzima unayemwamini. Kama ulimwachia mkopeshaji kadi ya benki au kitambulisho cha NIDA, usitoe hela kabla hujaviona mezani. Akuandikie kwamba deni limekwisha, aweke tarehe, asaini, na shahidi wako asaini. Karatasi ya mkataba wa kwanza uichukue. Kisha pita benki siku hiyohiyo ubadilishe namba ya siri, maana wakopeshaji wengi wakishika kadi huwa wanataka na namba yake. Utabaki na 2,040,000.

La rafiki yako halihitaji maneno mengi. Elfu hamsini kwa wiki kwenye laki tano ni faida ya asilimia 10 kila wiki. Hakuna biashara halali inayokuhakikishia hivyo. Wanaolipwa leo wanalipwa kwa hela ya walioingia jana, na wakikauka wa kuingia, kundi linafungwa na namba za viongozi hazipatikani tena. Waulize waliokuwa watu wazima mwaka 2009 habari za DECI, ule upatu ulioporomoka, walivyoambiwa wapande mbegu wavune, na ni wangapi waliouza mpaka vitu vya ndani ili wapande. Jitoe kwenye hilo kundi. Na umwambie rafiki yako atoe chake kama bado kinatoka, kwa sababu yeye naye ni mtoto wa mtu.

Sasa kaka. Hapa najua ndipo moyo unapouma.

Hesabu ya elfu kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, inafika kama 260,000 kwa mwezi, na kwenye karatasi boda inajilipa ndani ya miezi minane au tisa. Lakini boda ya mkononi haiishi kwenye karatasi. Ina oili ya kubadilisha, tairi, cheni, bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), faini za barabarani. Kuna siku za mvua, na Morogoro unaijua mvua yake. Kuna siku mtoto wake ataugua, hesabu itaishia hospitali, na wewe kama shangazi wa mtoto utamwambia nini? Dereva wa kuajiri asipoleta hesabu siku tatu unamnyang'anya funguo. Kaka yako mkubwa, wa tumbo moja, utamnyang'anya mbele ya mkewe? Hutaweza, na sikulaumu. Boda ikipata ajali au ikiibwa, utakuwa umepoteza karibu kila ulichoweka kwa miaka miwili, na kwenye vikao vya familia mtakaa mkitazamana pembeni.

Sisemi umwache. Hana kazi na ana mke na mtoto wa kulisha, na wewe ndiye mwenye kamshahara. Nasema msaada wako uwe wa kiasi ambacho kikipotea hutamchukia. Muulize swali moja: leseni ya pikipiki anayo? Wengi wanaoomba kununuliwa boda hawana. Kama hana, mpe laki moja na nusu, iwe zawadi kamili, ya mafunzo na leseni ya daraja A, na kinachobaki anunue kofia ngumu. Mwenye leseni, anayejulikana kijiweni, anaweza kupata pikipiki ya mkataba kwa tajiri: anapeleka hesabu kila siku kwa muda waliokubaliana, mwisho pikipiki inakuwa yake. Hapo atakuwa na mtu wa kumdai kweli, na mtu huyo si wewe.

Mwambie ana kwa ana, usimwandikie meseji. Sema hivi: "Kaka, nimekusikiliza. Hela yote siwezi kuitoa, nina deni ninalolipa na nina shule ninayoiandaa. Ninachoweza ni laki moja na nusu ya leseni, na sitaidai." Atanuna. Wazee wanaweza wakakupigia simu. Usianze kujieleza upya kila ukipigiwa, rudia maneno yaleyale kwa heshima. Na tangu leo usimtajie mtu salio lako, hata mama. Nadhani presha zote hizi tatu zilianza siku ile walipoijua namba.

Ukimpa hiyo laki na nusu unabaki na 1,890,000. Humo toa kwanza laki tisa, yaani matumizi yako ya miezi mitatu. Hii ni hela ya kuugua, ya kufukuzwa kazi, ya msiba wa karibu. Iache benki. Amana zako kwenye benki yenye leseni zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana mpaka 7,500,000, wewe huna haja ya kulala na wasiwasi. Ya kwenye simu ipeleke huko pia, maana hela ya kwenye simu inatoka kwa kidole, saa nne usiku, kwa sababu ya vocha na kiatu ulichokiona Instagram. Kodi usiihesabu kuwa dharura. Tarehe yake unaijua, inakuja kila nusu mwaka, kwa hiyo sehemu ya kodi ya kila mwezi iondoke siku ya mshahara, ikae kwenye laini nyingine. Mwenye nyumba akija na miezi yake sita, akukute nayo.

Inabaki 990,000. Hii ndiyo ya "isilale", na mimi ningeipeleka UTT AMIS, ambayo ni taasisi ya serikali chini ya Wizara ya Fedha, kwenye Mfuko wa Ukwasi. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogondogo za mfuko, unaanza hata na laki moja, unaongeza kidogokidogo kwa simu, na ukitaka kuuza unalipwa baada ya siku chache za kazi. Faida yake hupanda na kushuka na haitakutajirisha. Inatosha kuizuia hela isiliwe na mfumuko wa bei, na zile siku chache za kusubiri zitakusaidia kufikiri upya kabla hujaitoa. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinalipa vizuri na unaweza kuanza na milioni moja, lakini ni za miaka mingi, na wewe hela hii una kazi nayo karibuni. Kiwanja vivyo hivyo. Mwambie mama utanunua ukipata uwezo wa kulipia kiwanja kilichopimwa, baada ya kukihakiki ofisi ya ardhi ya halmashauri. Kwa hii 990,000 utauziwa karatasi ya mkono, na kesho atatokea mwenye eneo.

Uliiweka famasia mwisho kabisa, tena kwa mstari mmoja, kana kwamba unaona aibu kuitaja. Mimi naiona ndiyo kazi yenyewe ya hela hii. Ile elfu sitini uliyokuwa ukimpelekea kausha damu, sasa inunulie vipande kila mwezi: mwaka mmoja ni 720,000. Laki yako moja ya kawaida nayo iende hukohuko: 1,200,000. Ukijumlisha na 990,000, mwakani wakati kama huu una 2,910,000 kabla ya faida yoyote, hudaiwi, na una laki tisa pembeni. Kwa hiyo unaweza kuingia chuo bila kumpigia mtu magoti kwa ada ya mwaka wa kwanza.

Angalia cheti chako cha kidato cha nne kama Kemia na Baiolojia zimekaa vizuri. Kama moja haijakaa, jisajili uirudie ukiwa bado kazini. Zungukia vyuo viwili vitatu vilivyosajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, uliza ada na michango yote kwa maandishi, maana ada wanaitangaza na michango wanaificha. Uliza pia kama kuna masomo ya jioni, na umuulize bosi wako kama atakubali zamu za nusu siku. Kwenye kuuliza huko, mwombe akuonyeshe kama anakuwekea michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ni haki yako kisheria, na barua yako nzima haikuitaja.

Niandikie tena ukishapata karatasi za ada.