Logi za droni: karatasi moja kwa kila mruko inatosha

Swali linalokuja sana kwangu ni hili, hivi logi, yani kumbukumbu za kila mruko wa droni, unaziwekaje, maana ikifika siku mteja anazitaka au bima wameuliza au watu wa mamlaka ya anga wamepiga hodi, wengi ndo wanaanza kuhangaika na simu, skrinshoti ya ramani moja, ya betri moja, zinatumwa kama picha za harusi. Mi jibu langu ni fupi: faili la asili unalitoa mapema na huligusi tena, afu kwenye karatasi unaprinti ukurasa mmoja tu kwa kila mruko. Mengine yote hapa chini ni namna ya kufika huko bila kumaliza rimu nzima ya karatasi.

Tuanze na kulitoa hilo faili. Kama unarusha droni ya kampuni ya DJI kwa apu yao ya DJI Fly, kila mruko unaandikwa kwenye faili linaloanza na DJIFlightRecord, linafuata tarehe na saa, mwisho .txt. Hiyo txt isikudanganye, ukilifungua kwa Notepad unakutana na vimraba na herufi za ajabu ajabu, ndani si maandishi ya kawaida na matoleo ya siku hizi yamefungwa kwa msimbo. Halijaharibika. Lifunge bila kusevu chochote. Kwenye iPhone unaingia Files, On My iPhone, DJI Fly, FlightRecords, unayakuta yamejipanga. Kwenye Android yanakaa Android/data/dji.go.v5/files/FlightRecord, na hapa ndo wengi wanakwama, kwa sababu kuanzia Android 11 programu za kufungulia mafaili kwenye simu zinazuiwa kuingia hiyo folda ya data, mtu anaona patupu anajua logi zimefutika. Chomeka waya kwenye kompyuta, chagua kuhamisha mafaili, zipo. Na kama rimoti yako ina skrini yake yenyewe usisumbuke na simu kabisa, logi ziko ndani ya rimoti, waya wa USB-C na njia ya folda ni ile ile ya Android.

Hii kazi ifanye siku hiyo hiyo uliyorusha. Logi zinaishi ndani ya apu, kwa hiyo ukiondoa apu, ukibadili simu, ukireseti rimoti, nazo zimekwenda. Najua kuna wanaosema mbona mi nasinki, yani logi zinapanda zenyewe kwenye seva za DJI. Haya, wenzetu wa Marekani nao walikuwa wanasinki mpaka 2024 DJI ilipowafungia hiyo huduma, na aliyekuwa hajayatoa mafaili yake kwenye simu akabaki anayategemea ya kwenye simu. Kusinki ni kitu cha kampuni, bekapu ni kitu chako.

Wasiotumia DJI, wa ArduPilot (programu ya kuongozea droni) mna .bin kwenye kadi ya ndege na .tlog kwenye kompyuta ya chini, wa PX4, programu nyingine ya aina hiyo, ni .ulg, na wanaotumia rimoti za EdgeTX wana bahati, kama umewasha kurekodi basi kwenye memori kadi kuna folda ya LOGS na humo ni CSV tayari, yani jedwali linalofunguka kwa Excel. Kanuni haibadiliki: nakili lile la asili kwanza, ndo ucheze na nakala.

Sasa kulisoma. Faili la DJI unalipandisha kwenye huduma kama AirData au PhantomHelp, linafunguliwa, unapata ramani, grafu, na kitufe cha kushusha CSV au KML. KML ni ile ya kuangalia njia kwenye Google Earth, CSV ni namba tupu. Ila kabla hujapandisha kumbuka logi ina sehemu ulipoondokea, na kwa wengi wetu hiyo ni mlangoni kwa mtu, ama kwako ama kwa mteja. Kazi ya mteja anayetaka usiri, muulize kwanza, usije ukasikia yanayosemwa baadaye.

CSV ndo inayowatesa watu kwenye printa. Logi ya DJI inachukua vipimo mara 10 kwa sekunde, piga hesabu mwenyewe, mruko wa dakika 20 ni mistari 12,000. Ukiweka mistari 50 kwa ukurasa ni kurasa 240, na hapo tumejifanya safu zote zimeenea kwenye upana wa karatasi moja, kumbe hazienei, ziko zaidi ya arobaini, kwa hiyo printa inakutolea kwanza kurasa zote za saa na latitudo, afu inaanza upya kurasa zote za mwendo, afu volti za betri, na karatasi ya volti haina saa hata moja pembeni kwa hiyo hujui hiyo volti ni ya lini. Nimeshakabidhiwa rundo la namna hiyo nikaambiwa hizi hapa logi. Katikati kuna safu nzima imejaa #########, alama za reli juu mpaka chini, kwa sababu safu ilikuwa nyembamba tarehe ikakosa nafasi na Excel inaprinti inachokiona. Safu ya tarehe kwenye ripoti ya tarehe!

Tena Excel ina tabia ya kukusaidia bila kuombwa. Ukibofya CSV mara mbili inaweza kugeuza tarehe kwa setingi za kompyuta yako, ya tisa mwezi wa nne inakuwa ya nne mwezi wa tisa, na kama kompyuta yako inatumia koma badala ya nukta kwenye desimali, viwianishi (latitudo na longitudo) vinachanganyika kabisa. Fungua Excel tupu kwanza, ingiza data kwa menyu ya Data, na usizikate latitudo na longitudo ziwe fupi ili zipendeze. Desimali sita ni kama sentimita 11 ardhini, ukibakiza nne umefika mita 11, yani droni iliyokuwa juu ya kiwanja cha mteja kwenye karatasi yako inaonekana ilikuwa kwa jirani. Umejishtaki mwenyewe.

Vitu vitatu vya kucheki kabla ya kuprinti. Saa kwanza: jina la faili linabeba saa ya simu au rimoti, ila CSV ya AirData inaandika UTC, ile saa ya kimataifa, kwa hiyo karatasi ile ile inaweza kuonyesha saa mbili tofauti kwa mruko mmoja, na anayeikagua ataanza kukuangalia vibaya. Andika zote mbili, kwa mfumo wa saa 24, useme ipi ni ipi. Pili vipimo, kama apu yako iko kwenye futi na fomu inataka mita, badili kabla, maana mtu akiona 390 hapo wakati kikomo anachokijua yeye ni mita 120 atashtuka bure. Tatu kimo. Kimo kwenye hizo logi kawaida ni kutoka pale ulipoondokea, si kutoka ardhi iliyo chini ya droni wala usawa wa bahari, kwa hiyo uliyeondokea juu ya kilima ukarusha kuelekea bondeni, namba itasoma 100 wakati chini ya droni kuna mita mia na hamsini za hewa. Andika mstari mmoja wa maelezo. Mstari mmoja tu unakuokolea maswali mengi.

Karatasi yenyewe mi naipanga hivi. Juu tarehe, jina la rubani, msaidizi kama yupo, namba ya usajili na serial namba ya droni, na betri ipi. Katikati ramani ya njia, si lazima iwe kubwa. Chini yake muda wa kuondoka na kutua, dakika za hewani, kimo cha juu kabisa, umbali wa juu kabisa, betri iliondoka na asilimia ngapi ikarudi na ngapi, na maonyo yote apu iliyotoa hata yale ya kipuuzi ya upepo. Mwisho kabisa jina kamili la faili la asili na SHA-256 yake, yani kama alama ya kidole ya faili. Hii ya mwisho watu wanaiogopa bure, kwenye Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, SHA256, kwenye Mac ni shasum -a 256, inakupa herufi na namba 64. Faili likiguswa hata kidogo zile 64 zinabadilika, kwa hiyo karatasi uliyosaini leo inamthibitishia mtu kwamba faili unalomwonyesha mwakani ndo lile lile.

Toa PDF kwanza, iangalie, ndo uprinti. Printa ya leza kama ipo, wino wa kawaida ukidondokewa na maji unatambaa. Ramani iliyochorwa kijani na njano kwenye nyeusi na nyeupe inakuwa kijivu juu ya kijivu, chagua mstari mweusi mnene.

Kumbukumbu zikae muda gani inategemea unarushia wapi na kazi ya aina gani. Kanada wanataka kumbukumbu za miruko miezi 12 na za matengenezo miezi 24, Umoja wa Ulaya kwa kazi za kundi la kati, ile wanaita specific, ni miaka mitatu. Soma kanuni za kwako, afu faili la asili we liache hata baada ya hapo, lina megabaiti chache tu.

Mruko wenye tukio ndo pekee ninaoongezea karatasi. Droni imegonga kitu, imepoteza mawasiliano, imejirudisha yenyewe, hapo nachukua sekunde 30 kabla na 30 baada, nabakiza mstari mmoja kwa kila sekunde na safu saba nane zenye maana: saa, viwianishi, kimo, mwendo, idadi ya setilaiti, volti, hali ya mruko, na vijiti vya rimoti vilisukumwa wapi. Mistari 60, karatasi ya mlazo, kichwa cha jedwali kimerudiwa kila ukurasa. Na iandae haraka, Marekani kwa mfano ajali iliyomuumiza mtu vibaya au kuharibu mali ya wengine kwa zaidi ya dola 500 inaripotiwa ndani ya siku 10, na siku 10 ukiwa bado unatafuta waya wa rimoti zinaisha.