Niuze shamba la minazi nizae mtoto "msafi"?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Malindi, kijana wangu ana miaka 9 na ana sikoseli. Akishikwa usiku napasha leso kwa pasi namuekea magotini mpaka alfajiri. Sasa mimi na babake twataka mtoto mwingine, kuna mtu katupigia simu asema kuna hospitali ng'ambo wanaukata ugonjwa kwenye jeni, hizo chembe za urithi, hata kabla mimba haijaingia, mtoto azaliwa msafi, tutume tu deposti. Mama mkwe asema tuuze shamba la minazi, wifi asema ni kuingilia kazi ya Mungu. Nimsikize nani? – Mama Kijana

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa hizo usiku. Deposti usitume, hata shilingi. Aliyetangaza mwanzo kuzalisha watoto waliokatwa jeni wakiwa bado viinitete, yaani mimba changa kabisa, ni He Jiankui wa Uchina, Novemba 2018, mapacha wa kike, alitaka wasishikwe na HIV, na Desemba 2019 mahakama ya huko ikamfunga miaka 3. Sasa huyo wa simu anakuuzia nini?

Usichanganye hilo na dawa ya Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba 2023 na Marekani Desemba. Hiyo ni ya mgonjwa mwenyewe, anatolewa seli za damu zinarekebishwa, anapewa kemo kali halafu anarudishiwa, na mabadiliko yanabaki kwake hayaendi kwa wanawe. Ilipitishwa kwa wa miaka 12 kwenda juu na bei Marekani ni kama dola milioni 2.2, kwa hivo hata minazi ya Malindi nzima sijui.

Lakini kwenye kiinitete mwanangu, ule mkato unaingia mwili mzima mpaka kwenye mbegu za uzazi, wajukuu na vitukuu wanarithi na hakuna aliyewauliza, na makasi yakikosea yakakata pengine ndio basi, kosa litarithiwa vilevile. Hapo wifi ana hoja, ila asikuzuilie matibabu ya damu, kumtibu mgonjwa si kushindana na Mungu.

Na hilo neno msafi limenichoma. Hiyo jeni ya sikoseli imejaa huku Pwani kwa sababu mwenye AS, yaani aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, hapigwi na malaria kali kama wengine, imewavusha mababu zetu, si uchafu. Kinachonitisha zaidi ni siku kitu hiki kitauzwa kweli, wenye pesa watazaa "wasafi" na mama kama wewe ataulizwa mbona hukumtengeneza wako, yaani ugonjwa utakuwa kosa la mzazi. Na wa kwanza kuyasikia ni kijana wako, ana miaka 9, anaelewa, anasikia shamba linauzwa ili asizaliwe mwingine kama yeye. Hayo mazungumzo msiyafanye mbele yake tafadhali.

Nendeni nyote mkapimwe. Mkionekana nyote ni AS, kila mimba ina nafasi 1 kwa 4 ya mtoto mwenye ugonjwa, sio kwamba lazima. Mtoto akizaliwa apimwe mapema, na kijana muulizie dawa ya haidroksiyurea kliniki, inapunguza hayo maumivu, anywe maji mengi na neti isikose. Mama mkwe mwambie shamba libaki, nauli ya kliniki itatoka kwenye nazi.