Usingoje kozi iishe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama umalize kwanza kozi yote ya Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, ndipo utengeneze programu yako ya simu, au uanze na hicho kidogo unachokijua. Anza. Kozi haikimbii.

Ila tengeneza kitu utakachokitumia mwenyewe. Kila siku unalalamika kwamba watu wanaazima vitabu vyako na hawarudishi. Basi hiyo ndiyo programu: jina la kitabu, nani kakichukua, lini. Skrini moja na kitufe cha kuhifadhi. Mambo ya kujisajili na nywila achana nayo, mtumiaji ni wewe tu.

Utafika mahali unaandika jina la mtu, simu ilale ubavu, na maandishi yote yapotee. Usidhani umerogwa. Simu ikigeuzwa, Android kwa kawaida huivunja ile skrini na kuijenga upya. Kwenye Compose, zana ya kujengea skrini kwa Kotlin, ulichokishika kwa amri ya remember peke yake hupotea. Ukitumia rememberSaveable kinabaki. Kozini hilo utalisoma na kulisahau. Likikutokea mkononi hutalisahau.

Lakini hata hiyo si kuhifadhi. Orodha yenyewe iweke kwenye Room, zana ya Android ya kutunza data, ambayo chini yake ni SQLite, hifadhidata iliyomo tayari ndani ya simu. Na hapa ndipo ninapotaka ufike. Baada ya muda utatamani kuongeza safu ya tarehe ya kurudisha. Utaiongeza, utafungua programu, nayo itaanguka papo hapo, kwa sababu muundo mpya haulingani na data ya zamani. Utakuta njia ya mkato iitwayo fallbackToDestructiveMigration. Inafanya kazi, kwa kufuta kila kitu! Data ya mazoezi ungeifuta bila kufikiri mara mbili. Hii yako itakuuma, kwa hiyo utakaa chini uandike uhamishaji wa data kama inavyotakiwa.

Kuiweka kwenye simu yako hakuhitaji duka lolote. Nenda kwenye mipangilio, gusa namba ya muundo (Build number) mara 7, chaguo za wasanidi zitafunguka. Ruhusu utatuzi kwa USB, chomeka waya, endesha kutoka Android Studio, ile programu ya kompyuta unayoandikia.

Ukikwama nitumie maandishi mekundu yote ya Logcat, dirisha la Android Studio linaloonyesha makosa, tafadhali, si picha ya nusu skrini.

Mama yako