Kiuno Kimenishika Tangu Machi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mchukuzi kwenye ghala moja Shimanzi, Mombasa, umri miaka 34. Mwezi wa Machi tulikuwa tukipakua mchele, mwenzangu akaachia gunia la kilo 50 kabla sijalikamata sawasawa, nikasikia kiuno kimelia ta! Sasa ni miezi tisa tangu siku hiyo. Nimepigwa eksirei, nikaambiwa mifupa mizima. Sindano nimechomwa, diklofenaki nameza kila siku, mke wangu hunikanda, hata mshipi wa kiuno nimenunua Marikiti. Usiku nalala sakafuni. Nikivuka kutoka Likoni maji yakiwa yametoka, ule mteremko wa feri naupanda kwa kupumzika mara mbili. Maumivu hushuka hadi tako la kushoto, yakaishia hapo. Jirani asema nikapasuliwe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Habari ya kupasuliwa iweke kando. Kisu humfaa zaidi yule ambaye mshipa wa fahamu umebanwa, maumivu yakamshuka chini ya goti na mguu ukaanza kulegea. Yako yanakomea takoni. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi misuli wala visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Na hata ukipigwa MRI, picha inayoonyesha hizo sehemu laini, ukaambiwa kisahani kimetokeza, usizimie. Watu wengi wasioumwa popote wanavyo.

Ila ukipata ganzi sehemu za siri, au mkojo na choo vikakushinda, usingoje kuche: nenda hospitali kuu usiku huohuo. Homa, jasho la usiku na kukonda pia usivinyamazie, kwani kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo.

Mshipi uvue. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, na mishipi halikuipendekeza kuwa tiba ya kawaida. Pole kwa pesa zako. Kukandwa halikukukataza, kwa hivyo mkeo aendelee. Diklofenaki ya kila siku miezi yote hii ndiyo inayonitisha: hutoboa tumbo na kuumiza figo. Rudi kwa daktari mwambie hesabu yote.

Dawa yako kubwa ni kutembea na mazoezi. Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, na bado nilipojitegua kwa kumwinua mgonjwa nililala siku tano kama gogo. Ya sita nikashindwa kuinama kuchuma mchicha wangu mwenyewe. Misuli isiyotumika hulegea, kiuno kikazidi kuogopa. Ule mteremko uupande, usiukwepe. Wiki hii pumzika mara mbili, wiki ya tatu jaribu mara moja. Kuuma kidogo si kuharibika.

Sakafuni toka, godoro gumu kiasi latosha. Asubuhi usijikunjue kwa kuinuka kifua mbele. Lala ubavu, kunja magoti, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mkono hadi ukae. Mazoezi mengine uonyeshwe na fizio akikutazama, maana kwa barua nitakuonyesha nusunusu.

Sasa hili hukuliuliza, na kimya chako kinanitia shaka: msimamizi aliiandikisha ajali? Kwa Sheria ya Fidia za Ajali Kazini ya 2007, mwajiri akishaarifiwa ana siku 7 za kuipeleka taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na gharama za matibabu zinazostahili ni juu yake, hata kama mliajiriana kwa mdomo. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Yako imebaki mitatu. Nenda ofisi yao ya hapa Mombasa wiki hii, na umtaje yule mwenzako aliyeachia gunia. Ndiye shahidi wako. Karatasi za eksirei, sindano na vidonge zibebe zote. Risiti ya mshipi nayo, kama hujaitupa.