Buti za mvua kwenye tanuri?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeanza kusubu (kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu) sufuria za alumini hapa Gerezani, Dar es Salaam. Bosi anasema buti za mvua zinatosha. Kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hazitoshi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Mpira utafua dafu wapi? Vaa buti za ngozi zisizo na kamba, na suruali uishushe juu ya buti. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliichomeka ndani. Tone moja likazama, nikacheza ngoma isiyo na mpigaji. Kovu ninalo kifundoni hadi leo. Shati liwe la pamba nzito, kwani poliesta huyeyuka ikagandia mwilini (jezi ya Simba iache nyumbani). Aproni na glavu ndefu za ngozi, ngao ya uso.

Ila ninachokiogopa zaidi ni maji. Yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, na yakifunikwa na alumini ya moto hulipuka, yakakurushia uji wote. Kopo lililolala nje, upawa wenye umande: pasha kwanza. Na umiminie juu ya mchanga mkavu, si kwenye sakafu ya saruji.