Walimu wa mazoezi, nafsineni si mshairi

Muhula huu nimekuwa nikiketi nyuma ya madarasa yenu, fomu ya tathmini mapajani, na kila shairi likifika ubaoni nasikia yale yale: "Hapa mshairi anatuambia ameteseka." Nani kateseka? Ni nafsineni, yule anayesema ndani ya shairi. Mshairi huenda siku hiyo alikuwa ameshiba, yuko barazani anapunga upepo. Nawapenda, wadogo zangu, lakini mnanichosha.

1. Mpeni nafsineni utu. "Nafsi ya kwanza umoja" ni sarufi, alama hapati mtu. Ni mkulima? Mjane? Mlevi? Mwanafunzi ataje, kisha anukuu mshororo wa kuthibitisha. Mara nyingine kitenzi kimoja kinatosha: anayesema "nilipoolewa" amekwisha kujitambulisha.

2. Msianzie kwenye wasifu wa mshairi. Hili limenigharimu. Nilipokuwa mgeni kazini kama nyinyi nilipewa kidato cha tatu, nikawapelekea diwani ya Sauti ya Dhiki. Mnajua Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi yale kifungoni, kati ya 1969 na 1972, kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi? Kisa hicho nilikipenda kuliko mashairi yenyewe. Nilikisimulia karibu kipindi kizima, seli na askari jela, mpaka nikajisikia mfungwa. Ndipo nikafika kwenye "Usiniuwe". Kichwa si kinajieleza? Nikawaambia, sauti ikinitetemeka, kwamba mfungwa anaisihi serikali isimwue. Nafsineni: mfungwa. Nafsinenewa, yaani anayeambiwa: dola. Toni: ya kusihi. Toni peke yake ndiyo niliyopata. Yote yakaingia daftarini. Shairi lenyewe nilikuwa nimelipitia juujuu usiku wa jana yake, katikati ya rundo la insha.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma, bingwa wa kusinzia, akainua mkono. "Mwalimu, huyu si mtoto ambaye hajazaliwa? Anamsihi mamake asiitoe mimba." Nikainamia kitabu, nikasoma kimoyomoyo, darasa zima likiningoja. Mtoto wa tumboni, wazi kabisa. Hapo ningesema "umenisahihisha" na mambo yakaisha. Badala yake nikasema, "Hayo nayo ni maoni," nikaanza kufuta ubao hadi kengele ikaniokoa. Kipindi kilichofuata nilirekebisha kwa sentensi moja, haraka haraka, ili nisionekane nimekosea. Mtihani wa mwisho wa muhula ulipofika, wengi wakaniandikia "dola". Nimeshika kalamu nyekundu, nawakata alama kwa maneno yangu mwenyewe! Yule msichana alipata zote. Hakuwahi kunikumbusha, nami hadi alipomaliza shule sikuwahi kumwambia alikuwa sahihi.

3. Malumbano yana nafsineni zaidi ya mmoja. "Mnazi", kitabuni humo humo, una ndugu wawili, Badi na Alii, wanaovutania mti. Mkiuliza "nafsineni ni nani?" swali lenu ndilo bovu.

4. Nafsinenewa msimfunge kamba ubeti wa kwanza mkamwacha hapo. Katika utenzi wa Al-Inkishafi mtu anauonya moyo wake mwenyewe, na wanafunzi wenu watawaandikia "wasomaji" kwa sababu ni jibu rahisi. Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ndio mtamu zaidi kwa zoezi hili: mama mgonjwa anamwita bintiye akae karibu apokee wasia, baadaye anamgeukia Mungu kwa dua, na karibu na mwisho anawaambia wanawake wote "somani". Waulizeni wanafunzi ni katika ubeti gani mama anamgeukia msikilizaji mwingine, nanyi mnyamaze dakika mbili. Najua kunyamaza kunawashinda.

Mjanja mmoja atanirudisha kwenye hoja ya pili: mbona mama wa utenzi huu tunamwita Mwana Kupona, jina la mshairi? Kwa sababu amejitaja mwenyewe ndani ya utenzi, akataja na kisiwa cha Pate alikozaliwa. Hapo liandikeni jina la mshairi bila woga. Beti zenyewe zimewapa ruhusa.